Kosa la Tano

Saa nane usiku, Erdenet,
nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
na huduma inayosukuma maji moto mtaa wa nne
imegoma kuamka.
Naibonyeza: anza.
Mstari wa kijani unatambaa, unafika nusu, unakata tamaa.
Kosa la tano. Ruhusa imekataliwa.

Sentensi fupi. Haimtaji aliyekataa
wala alichokatalia.
Ni kama mtu anayeijibu hodi yako kwa "hapana"
kisha akanyamaza nyuma ya mlango,
nawe unamsikia akipumua.

Nikaiwasha seva upya. Hapana.
Nikaingia kwa akaunti ya msimamizi, ufunguo wa funguo zote.
Hapana.
Nilisahau kwamba huduma haitembei kwa miguu yangu:
ina akaunti yake, jina lake dogo la mtumishi,
na mlinzi hajali nani kamtuma,
anamtazama aliyesimama mlangoni.

Bat-Ochir, meneja wa zamu, anapiga simu mara ya tatu.
Mtaa wa nne una maghorofa kumi na moja, anasema,
kana kwamba mimi siishi humo,
na bomba likiganda hupasuka kama chupa.
"Sarangoo, wape wote kila kitu, tulale."
Najua kisanduku anachokisema.
Kiko pale pale: Kila Mtu, Udhibiti Kamili.
Tiki moja, na milango yote ya jengo inang'olewa bawaba
ili mtu mmoja apite na ndoo.
Kidole changu kilikaa juu ya kipanya
kwa muda ambao sitauandika kwenye ripoti.

Kisha nikafungua kile chombo kinachoanika kila ombi,
maelfu ya mistari kwa sekunde:
imeomba, imepata, imeomba, imepata, imepata.
Nikaipepeta kama mchele, nikitafuta chuya moja.
Ikaonekana.
Si programu. Si rejista, niliyoilaumu saa nzima.
Ni kabrasha dogo kwenye diski ya D
ambamo huduma, kabla ya lolote, huandika:
nimeamka, saa fulani.
Ilinyimwa daftari, ikakataa kuishi.

Nikaisoma orodha ya wenye ruhusa. Ilikuwa fupi mno.
Mmiliki wa kabrasha hakuwa na jina,
tarakimu ndefu tu, inayoishia na 1107.
Ndivyo mfumo unavyowakumbuka waliofutwa:
jina huondoka, namba hubaki imekalia kiti.

Namjua 1107.
Byambadorj, aliyenifundisha kazi hii
akichovya jibini kavu kwenye chai ya chumvi,
makombo yakilala kati ya herufi za kibodi.
Alistaafu Septemba. Oktoba nilimfuta mimi mwenyewe,
kwa kufuata utaratibu.
Wiki iliyopita akaja mkaguzi kutoka Ulaanbaatar,
akafagia ruhusa zote asizozitambua
na ya huduma ikazolewa na taka.
Hakuna aliyejua, maana kilichokwisha kuamka
hakiombi tena ruhusa ya kuamka.
Leo umeme ukakatika dakika tatu. Deni likadaiwa.

Nikaongeza jina moja, la huduma.
Soma: ndiyo. Andika: ndiyo.
Futa: hapana, kuna haja gani?
Nikabonyeza anza,
na mstari wa kijani ukapita nusu bila kugeuka nyuma.

Nyuma yangu bomba la ukutani likakohoa mara mbili.
"Ilikuwa nini?" akauliza Bat-Ochir.
"Ruhusa."
"Ya nani?"
Nikamwambia nitaandika asubuhi.

Sehemu ya mmiliki sikuigusa.
Utaratibu unasema niweke jina lililo hai.
Nimeiacha 1107 ikae pale, kwenye diski ya D,
kwenye joto.
Mkaguzi akirudi, aulize.